Juzuu Iliyofunuliwa Kinyumenyume

Kitu kikiwekwa mahali ambapo kila mtu anakiona na hakuna anayekifikia, kitu hicho kipo au hakipo? Swali hili Bi Zuwena hakulipata kwa wenye elimu. Lilimjia lenyewe asubuhi moja, amesimama mbele ya kioo katika Nyumba ya Vioo, maji ya udhu hayajamkauka viwikoni. Mbele yake kitabu kilikuwa kimefunuliwa kama mgonjwa aliyelala chali kifua wazi, anapumua mbele ya watu na hakuna aliyeruhusiwa kumwuliza hali.

Mji alioishi haukuwa na jina. Ulikuwa nalo zamani, lakini lilikuwa limechongwa kwenye kitu fulani, na kitu hicho kilichukuliwa kuwekwa Nyumba ya Vioo, basi watu wakabaki kusema "huku kwetu" na mambo yakaenda. Maana Nyumba ile ndivyo ilivyokuwa. Haikuiba. Tuseme kweli, haikuiba hata sindano. Iliomba kwa adabu, ikashukuru, ikapokea kwa mikono miwili. Ila kila kilichoingia mle kilitoka vichwani mwa watu. Walipochukua ngoma kubwa ya harusi, watu waliusahau mlio wake, wakawa wanaozana kimya kimya kama wanaogawana siri. Walipochukua mizani ya sokoni, watu walisahau uzito, wakawa wanauziana kwa kukisia na kurudiana kwa matusi. Na kila aliyetaka kukumbuka aliambiwa, karibu, nenda ukatazame, mlango u wazi. Akaenda, akatazama, akarudi vilevile alivyokwenda.

Kisha ikachukua juzuu ya thelathini.

Msikiti wa mtaani ulikuwa na sanduku la msahafu wa kale, umegawanywa juzuu thelathini, kila juzuu na jalada lake la ngozi, kila moja na kitanda chake mle sandukuni. Mtu akifa, sanduku hupelekwa kwa wafiwa, juzuu hugawiwa watu thelathini, wote wakasoma kwa pamoja, sauti juu ya sauti kama mvua juu ya mabati, na kabla chungu cha wali hakijaiva msahafu mzima umesomwa. Hapo hitima imetimia. Dua huombwa, marashi hunyunyizwa, halua huliwa, na marehemu huwa ameagwa.

Watu wa Nyumba walikuja na glavu nyeupe. Wakafungua sanduku, wakashusha pumzi. "Hii ya mwisho ndiyo nzuri kupita zote," walisema. "Dhahabu yake haijachubuka. Mkiiacha hapa mchwa wataifanyia karamu." Imamu akashukuru, wazee wakashukuru, na Bi Zuwena, ambaye siku hiyo alikuwa amekwenda kufagia upande wa wanawake, naye akashukuru. Nani asiyependa chake kitunzwe? Asubuhi yake watoto wa chuo cha Kurani wakafumbua vinywa na hakuna kilichotoka. Juzuu ile, ambayo kila mtu mzima aliijua toka yuko na meno ya utoto, ilikuwa imefutika kwenye ndimi zote kwa mpigo mmoja. Imamu akawa hana sura fupi, anasalisha kwa ndefu tupu, na wazee wakawa wanatoka msikitini wameshika magoti, wanalalamika chini chini wasije wakapata dhambi.

Ndipo akafa Mbaruku, mshona kofia, mume wa Bi Zuwena.

Sanduku lililetwa. Watu ishirini na tisa wakasoma na kumaliza, na wa thelathini akakaa ameshika marufaa tupu mapajani, anaitazama ile mbao iliyozoea kubeba kitabu. Hapakuwa na wa kufunga. Halua, ambayo ilikuwa tayari kwenye sinia, ikafunikwa kawa, watu wakaaga wakiangalia viatu vyao. Bi Zuwena alipotoka kuwasindikiza alimkuta mumewe amekaa barazani, mahali pake palepale pa siku zote, sanda imemkaa vizuri, sindano ya kushonea kofia iko mkononi na uzi hauna.

"Hawajanifungia," alisema Mbaruku, si kwa hasira, kwa namna ya mtu anayesema basi limechelewa. "Nitakaa kidogo."

Wenye elimu ya dini walisema wazi: rehema ya Mungu haingoji karatasi, hitima si faradhi, na marehemu yuko mikononi mwa Mola wake. Bi Zuwena aliyaamini hayo kwa moyo wote na hajaacha kuyaamini. Lakini kila alasiri akitoka nje alimkuta Mbaruku barazani. Sasa afanyeje? Imani iko moyoni na mtu yuko barazani.

Basi akaanza kwenda Nyumba ya Vioo, aisome ile juzuu mwenyewe, mpaka mwisho, amfungie mumewe.

Mlangoni palitundikwa kibao: KUTAZAMA RUHUSA. KUSOMA MARUFUKU. Mtunzaji wa chumba kile alikuwa Bwana Idarusi, mtu wa palepale mjini, mwembamba, mwenye kofia ya vitobo iliyoshonwa na Mbaruku. Siku ya kwanza alimtazama mama yule aliyesimama mbele ya kioo midomo ikimcheza.

"Bibi, shikamoo. Unasoma?"

"Marahaba, mwanangu. Natafuna."

"Unatafuna nini?"

"Tambuu."

"Kula humu pia marufuku, bibi."

"Basi natafuna bila kula."

Idarusi akaenda zake upande wa pili, akajishughulisha na vumbi ambalo halikuwepo. Toka hapo Bi Zuwena akajifunza kusoma midomo imefungwa, sauti ikienda ndani badala ya kutoka nje, ikishuka kama maji yanayotiwa kisimani badala ya kutekwa.

Karatasi ya kitabu kile ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Herufi zilikuwa za dhahabu, zimezungushiwa wino mweusi mwembamba kama jicho lililopakwa wanja. Irabu zilitiwa nyekundu, na mahali pa kuvuta sauti palitiwa buluu. Mwisho wa kila aya pana ua la dhahabu, na pembeni, kila baada ya aya kadhaa, duara kubwa kama kisahani cha kikombe, ndani yake mapambo yamesukana hata jicho likiingia halijui litokee wapi. Ukingoni mwa ukurasa mmoja palikuwa na neno dogo limeandikwa kwa kubanwa, kwa dhahabu ileile, na kijistari kinachoonyesha mahali lilipotakiwa kuwa. Mwandishi alikuwa amelisahau, kisha akalirudisha. Bi Zuwena alilipenda neno hilo kuliko yote. Mtu aliyeandika kwa dhahabu naye alisahau, akaona aibu kidogo, akatengeneza, kazi ikaendelea, na hakuna aliyechana kitabu kwa ajili hiyo. Na juu kabisa ya kila ukurasa, mkono mwingine, wa wino wa kawaida, ulirudia maneno yaleyale: wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, wala hazuiwi msomaji.

Kila alipofika aliyasoma hayo kwanza. Kisha alikitazama kibao cha mlangoni. Kisha aliendelea kutafuna.

Lakini kitabu hakikuwa chake kukifunua. Kilikaa wazi ukurasa uleule muda mrefu, kisha Idarusi akaja na ufunguo na glavu, akageuza jani moja ili mwanga usichoshe dhahabu ya mahali pamoja. Nani ajuaye muda huo ulikuwa mrefu kiasi gani? Mjini watu walianza kuhesabu maisha kwa majani hayo. Fulani kazaliwa ukurasa wa duara la buluu. Fulani kaachwa ukurasa wenye tundu la mdudu. Yapo majani yaliyodumu kama tone la mvua, na yapo yaliyodumu hata Bi Zuwena akawaona wanawake aliowajua mabinti wakija na wajukuu, kisha siku ya pili wakija tena mabinti. Yeye mwenyewe alikuwa akijiona ndani ya kioo, uso wake umelala juu ya herufi. Mara uso una mvi. Mara hauna. Siku moja ulikuwa na shanga za utoto shingoni na pengo la meno, na ukamwuliza:

Nani anasoma?

Mimi.

Wewe yupi? Wa mvi au wa shanga?

Yule aliye upande wenye kitabu.

Kitabu kina pande mbili, bibi. Upande wa kuonekana na upande wa kusomwa. Wewe uko wapi?

Niko hapa nilipokanyaga. Usinichanganye, mtoto we, nitapoteza aya.

Alasiri alirudi nyumbani. Mbaruku alikuwa hapo.

"Umefika wapi?"

"Penye duara lililopasuka."

"La jana au la leo?"

"Jana na leo ni ukurasa mmoja, Bwana."

"Na halua?"

Bi Zuwena aliingia ndani, akafunua kawa, akatazama. Halua ilikuwa vilevile, inang'aa, haijaota ukungu, haijafanya ganda, na hakuna mdudu aliyeisogelea. Nyumba yenye tamu na haina sisimizi, hilo ndilo lililomtisha kuliko mume aliyekaa barazani. Ilikuwa kama hata wadudu wameambiwa ipo kwa kutazamwa.

"Ipo," alijibu.

"Haya. Ningekuwa hai ningekuwa nimeimaliza mwenyewe, nikasema wageni."

"Ulikuwa ukifanya hivyo."

"Ulijua?"

"Bwana wangu, ndevu zilikuwa zinanata."

Wakacheka, yeye kwa sauti na Mbaruku kwa mabega tu, maana sauti ya kicheko walioagwa nusu hawanayo.

Somo wake, Bi Mwanakheri wa nyumba ya pili, alikuwa akimsikia akiongea barazani na kumwuliza ukutani, "Somo, bado yupo tu?" "Bado." "Mwambie asogee basi, mbuzi wangu hapati pa kulala." Mbaruku akasogea. Lakini mbuzi hakukubali kukaa. Alinusa, akarudi nyuma, akaenda kulala juani, maana hayawani huijua nafasi yenye mtu hata mwenye nafasi akiwa hana kivuli.

Ni penye jani la kumi na kitu, hajui la ngapi, ndipo Bi Zuwena alipogundua. Sura moja ndefu ilimjia kichwani imeanza na jibu, na swali lake likaja jani lililofuata, na kichwa cha sura, kile kifremu cha dhahabu chenye jina, kikaja baada ya swali. Akangoja Idarusi aje kugeuza tena, akautazama mkono wake. Mkono ulinyanyua jani la kulia, ukalilaza kushoto.

Kushoto.

Walikuwa wanakifunua kwa upande vinavyofunuliwa vitabu vya ng'ambo, huko Nyumba ilikotoka. Walikianzia nyuma. Siku zote hizi, aya zote zile alizozitafuna na kuzimeza, alikuwa anatembea na kitabu mgongo mbele, kama mtu anayeliaga kaburi la walii kwa heshima.

Alirudi nyumbani. Alipika hakula. Sasa alichosoma ni nini? Anayesoma kutoka mwisho kwenda mwanzo anafunga, au anafungua? Huenda kila jani alilodhani linamsogeza Mbaruku mbele lilikuwa linamrudisha nyuma, ndiyo maana hakuondoka barazani. Na je, aseme? Alijua sheria za Nyumba kwa kutazama: kosa likionekana, kioo hufungwa, kitu hupelekwa kwa wakubwa ng'ambo ili kuchunguzwa, na hakuna kilichopelekwa kwa wakubwa kikarudi. Akisema, kitabu kitakwenda. Asiposema, huenda anamsomea mumewe njia ya kurudi. Akakaa na hilo kama mtu aliyeficha kaa la moto ndani ya kanga, anatabasamu kwa majirani.

"Umefika wapi?" Mbaruku aliuliza.

"Sijui kama nakwenda au narudi."

Mbaruku aliipitisha sindano yake hewani, pasipo uzi, kama anayetoboa kofia isiyokuwapo. "Kofia," alisema, "haishonwi ukitazama kichwa. Unatazama tundu. Tundu hili, kisha hili. Kichwa kitakuja chenyewe."

"Na kofia ikitoka ndogo?"

"Unampa mwenye kichwa kidogo. Soma, mke wangu."

Akasoma. Na hapa ndipo yalipoanza mambo ya kushangaza, kama si ya kushangaza tangu mwanzo. Zile sura fupi za nyuma kabisa, alizozipokea kwanza, hazikumtoka tena. Alizipata ulimini akiwa anaosha vyombo. Alipozisema, alisikia pamoja nazo kishindo cha kipepeo cha ukindu kinachopigwa mkekani, na harufu ya wino wa masizi, na sauti ya mwanamke, Bi Mize, mwalimu wake wa chuo aliyekufa zamani, ikisema, "Tena! Toka hapo! Usirukie!" Alijaribu kukumbuka ukamilifu wa siku ile, akashindwa. Ilibaki kipande, kama kitambaa kilichochanwa. Mkeka. Kipepeo. Tena. Toka hapo. Toka wapi?

Asubuhi moja akamkuta Idarusi ameleta kifuniko cha mbao na kitambaa cheusi.

"Bibi, leo utazame vizuri," alisema, na sauti yake ilikuwa na huruma ya mtu anayetumwa. "Wamesema kitabu kimeona mwanga kiasi cha kutosha. Kinalazwa gizani."

"Mpaka lini?"

"Kikiamshwa mimi na wewe hatutakuwepo."

Bi Zuwena aliushika ukingo wa kioo, jambo ambalo nalo ni marufuku. Upande wa kulia wa kitabu palikuwa pamebaki jani moja tu, limelalia jalada. Upande wa kushoto yamelala mengine yote.

"Kuna jani halijafunuliwa, baba."

"Lile si kitu, bibi. Nililichungulia. Ni mapambo matupu, maneno hata huyaoni." Akafungua kitambaa chake cheusi, akakikung'uta. "Kitabu kimekwisha."

"Hakijaanza."

Neno lilimtoka kabla hajalitia lijamu. Idarusi akasimama na kitambaa mkononi. Chumba kizima, na ngoma ya harusi mle pembeni, na mizani ya sokoni, na jiwe lenye jina la mji lililogeuziwa ukutani, vyote vikawa kama vimeshika pumzi.

"Unasemaje, bibi?"

Alikuwa ameshasema. Akaona bora amalize, aanguke na kweli yake yote kuliko nusu. "Mmekifunua kwa nyuma, mwanangu. Toka siku ya kwanza. Wewe si mkosa, ndivyo mlivyofundishwa kushika vitabu. Na mimi nimekisoma hivyohivyo kwa nyuma, ninyi mkidhani natafuna. Nimefika mlangoni kwa ndani. Nifungulie, nitoke."

Idarusi hakuita mtu. Alikitazama kitabu, akatazama mikono yake ndani ya glavu, akaanza kuitikisa kama mtu anayejaribu kukumbuka ni mkono gani anaolia chakula. Kisha, taratibu, akacheka.

"Ndiyo maana," alisema. "Nikawa najiuliza, mwandishi huyu vipi, anazidi kupamba kadiri anavyochoka?"

Na Bi Zuwena, alipousikia mcheko ule, akakumbuka kile kipande kilichokuwa kimebaki. Mkeka. Kipepeo. Watoto wamekaa duara, yeye ana shanga na pengo, na Bi Mize anawafundisha juzuu ya thelathini kama alivyofundishwa yeye, na kama walivyofundishwa waliomfundisha: toka nyuma. Ndiyo! Toka sura ya mwisho kabisa, fupi, ya kinga, mtoto anayoiweza. Kisha ile iliyo kabla yake. Kisha iliyo kabla ya hiyo. Wakirudi, wakipanda, sura zikirefuka kadiri pumzi zao zinavyorefuka, mpaka siku moja wafike penye kichwa cha juzuu wakiwa wameshakuwa wakubwa. Hakuna mtoto wa mji ule aliyewahi kuiingia juzuu ile kwa mbele. Mbele ni mlango wa nakshi, wa wageni na wakubwa. Watoto na wanawake na majirani huingia kwa mlango wa uani, penye ndoo na kuku, na ndio wenyeji wa nyumba.

Hakuwa amerudi kinyumenyume. Alikuwa amepita uani.

Akakaa chini palepale sakafuni, kanga ikamwagika pembeni. Idarusi alishtuka.

"Bibi! Nikuletee maji?"

"Hapana, baba. Niletee lile jani."

Idarusi alivua kofia, akajifuta uso. Akainama juu ya kioo, akayasoma yale maneno ya wino wa kawaida yaliyo juu ya ukurasa, polepole, kidole kikifuata kwa mbali: wakfu, hakiuzwi, hakirithiwi, wala hazuiwi msomaji. Akanyanyuka, akaenda mlangoni, akakitundikia kibao kofia yake. Kofia ya Mbaruku ilikuwa pana. Kibao kikafunikwa chote.

Kisha akafungua kioo kwa ufunguo, akaweka mkono chini ya jani la mwisho ambalo ndilo la kwanza, akaligeuza.

Aliyeliita mapambo matupu asilaumiwe. Dhahabu ilikuwa imefurika. Maua na majani na mafundo yalishikana mikono kuzunguka ukurasa, na ndani ya mapambo hayo, kama wanawake wanaochungulia nyuma ya pazia la harusi, yalikuwapo maneno. Jina la sura, kisha sura yenyewe, ile kubwa inayoanza kwa watu kuulizana. Mkia wake Bi Zuwena alikuwa nao moyoni tangu jani lililopita. Sasa kichwa kikaja kikakaa juu ya mabega yake.

"Kwa sauti?" aliuliza, maana ni mtu wa adabu.

"Kwa sauti, bibi."

Akasoma. Sauti ilitoka ya kukwaruza mwanzo, sauti iliyokuwa ikishuka kisimani miaka isiyojulikana, sasa inapandishwa kwa kamba. Alifika pale alipojua, akaunganisha, hakusimama. Alishuka na juzuu yote toka mlango wa nakshi hadi uani, bila kugeuziwa jani hata moja, maana majani yote alikuwa nayo. Katikati alisikia sauti nyingine chini ya yake. Idarusi alikuwa amevua glavu. Alikuwa anayumba mbele na nyuma kama wayumbavyo watoto wa chuo, macho amefumba, anafuata, anakosea, anarudia, na mahali fulani akasema mwenyewe kwa ukali, "Tena! Toka hapo!" kwa lafudhi ya mwalimu wake yeye.

Walipofika kwenye sura fupi za mwisho walizisoma pamoja, haraka, kwa furaha, kama watu wanaokimbia kuteremka ngazi za nyumbani kwao. Bi Zuwena akainua mikono akaomba dua, akamtaja Mbaruku kwa jina la babake na la mamake. Akapangusa uso.

"Sasa kilaze," alisema. "Kimechoka, kweli. Na sisi hatukihitaji kukesha kwa ajili yetu."

Idarusi akakifunga kwa mikono mitupu, kwa upande unaostahili, akakitandikia kitambaa cheusi kama anayemfunika mtoto. Hakukiweka kile kifuniko cha mbao. "Nitawaandikia wakubwa kwamba kinalala," alisema. "Sitawaandikia kwamba kinaota."

Njiani, Bi Zuwena alipita nyuma ya chuo. Kulikuwa na kelele. Sauti nyembamba, nyingi, zenye kamasi, zikisukumana kwenye sura ya kinga, na mwalimu wao analia na kupiga kipepeo mkekani kwa pamoja. Mzee mmoja alisimama dirishani ameshika goti, anatabasamu. "Leo magharibi," alimwambia Bi Zuwena, "Inshallah tutasali tutoke." Na mama muuza vitumbua, bila kuulizwa na mtu, akautaja mji kwa jina lake, akajishtukia, akalitaja tena.

Alipokaribia nyumbani alipunguza mwendo. Hakuogopa, alitaka tu kufika kwa utulivu. Anayesoma kitu na anayekifungia kioo, mwenye kitu ni nani? Swali lile lilikuwa limemkaa siku zote kama mwiba, na sasa alilipapasa asilione. Mwenyewe hayupo kati yao. Mwenyewe ni Yule ambaye kwa ajili yake kilifanywa wakfu, na wengine wote ni wapitaji, mmoja ameshika ufunguo, mmoja ameshika aya, na kila mmoja amepewa muda wake wa kushika.

Barazani, mahali pa Mbaruku, alikuwa amelala mbuzi wa Bi Mwanakheri, miguu minne ameikunjua, anacheua.

Bi Zuwena akamtazama mbuzi yule. Machozi yalimtoka, ya mara moja, mepesi, akayaacha yateremke. Akasema "Kwaheri, Bwana," na mbuzi akatikisa sikio.

Ndani kulikuwa na mwanga wa alasiri. Akafunua kawa. Mstari mwembamba mweusi ulikuwa umetoka kwenye ufa wa ukuta, umeshuka, umevuka meza, umepanda ukingo wa sinia, ukitembea bila haraka kutoka kulia kwenda kushoto mpaka juu ya halua.

"Somo we!" alipaza sauti kuelekea ukutani, anacheka na kupenga kwa ncha ya kanga. "Somo! Njoo na kisu, na uite watu! Halua imepata sisimizi!"